Hewa Hiyo Inatoka Wapi?

9 Februari

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na gereji yako na ile jeki mbovu unayokataa kuitupa. Mimi sijambo, ila mgongo unanikumbusha kila asubuhi kwamba nimeajiriwa. Mama nilizungumza naye Jumapili. Anasema umepaka rangi mlango wa gereji na umempakia na yeye viatu.

Nimekupigia simu mara tatu wiki hii. Inaita mpaka inakata. Mama anasema ni ubishi wako tu, kwamba siku hizi unataka kuandikiwa barua kama waziri. Haya mheshimiwa, barua hii hapa.

Kazi imepamba moto. Karakana yetu ni ndefu kama ghala na sakafu inapigwa deki mara mbili kwa siku. Ukidondosha tone la mafuta unaliona mwenyewe, na unaona haya. Gari letu la mashindano lina injini ya lita mbili yenye turbo. Ikiwaka, hata kikombe cha chai kilichoko ofisini kinatetemeka.

Tulichukuliwa wawili kwa mkataba wa miezi sita: mimi na mwenzangu tunayemwita Kompyuta, kwa sababu hafungui hata kifuniko cha redieta bila kuangalia kioo cha kompyuta yake kwanza. Mwisho wa Julai atabaki mmoja, ndiye atakayekabidhiwa injini. Mwingine atapewa cheti na mkono wa kwaheri. Mjomba, naitaka kazi hii mpaka naiota.

Sasa Fundi Mkuu, mama mmoja mwembamba anayeongea kidogo na kucheka kwa nguvu, ametupa mtihani. Anasema injini inakula hewa kuliko inavyokula petroli, na yeye anataka kujua nani kati yetu anajua kuilisha. Kila mmoja achague filta ya hewa na njia ya kuifikisha hewa hiyo kwenye injini. Kuna ile ya karatasi iliyokunjwakunjwa, kuna ya sponji, na kuna ya pamba inayopakwa mafuta, imekaa kama koni, inafungwa wazi chini ya boneti bila sanduku. Mimi moyo wangu uko kwenye pamba. Ungekuwa wewe ungechagua ipi?

Mpwa wako anayekusubiri kwa hamu.

*

2 Machi

Kwako Spana Kumi,

Marahaba. Naona umekuwa mkubwa hata unanitania kwa maandishi. Jina hilo silifuti, maana ulipokuwa mdogo ulikuwa kama spana namba kumi: nikikutafuta huonekani, nisipokutafuta nakukanyaga.

Huku tu wazima. Dada yangu, yaani mama yako, viatu vyake nimevisafisha kwa petroli, sasa ananuka kituo cha mafuta lakini hajalalamika. Jirani yangu mchomeleaji amekuwa na adabu siku hizi. Zamani mashine yake ya kusaga chuma ilikuwa inanitoa roho. Sasa siku nzima inapita mtaa umetulia. Nimesogeza kiti changu, nakaa nikitazama mlango.

Simu usinisumbue nayo. Vitufe vidogo, vidole vyangu vinagusa herufi tatu kwa mpigo, na maneno ya simu yanapotea. Barua naisoma mara mbili na bado ipo.

Kuhusu filta. Karatasi ni mtu mwaminifu: inakamata vumbi lote, lakini ikianza kuziba injini inakabwa koo. Sponji ni ya pikipiki na njia za vumbi. Kwa gari la mbio, pamba. Inapitisha hewa bila kunung'unika. Ila siri ya pamba ni mafuta, na hapo ndipo wengi wanapofanya ubahili. Ipake mpaka inywe ishibe. Ukiibana kwa vidole itoe jasho. Ndivyo nilivyofanya miaka yote kwenye injini za kabureta, na hakuna gari lililonirudia likilia.

Nimefurahi sana kusikia uko mahali pa namna hiyo. Nimempa kila mteja habari zako, hata wale waliokuja kuongeza upepo tu.

Mimi mjombako.

*

30 Machi

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nikiwa nimekaa juu ya tairi, wenzangu wakaniuliza kwa nini nacheka peke yangu. Pole kwa viatu vya Mama. Nimenunua godoro jipya, kwa hiyo mgongo sasa umenyamaza. Asante kwa ushauri wako.

Nilifunga pamba. Siku ya kwanza tuliliweka gari kwenye mashine ya kupimia nguvu, ile ambayo magurudumu yanazunguka juu ya magurudumu mengine huku gari limesimama. Tukanyanyua boneti, tukawasha feni kubwa mbele. Mjomba, nguvu za farasi saba ziliongezeka! Nilitembea siku nzima kidevu juu. Asante sana kwa ushauri.

Siku ya pili, uwanjani, mambo hayakwenda hivyo. Gari lilianza kukohoa kila dereva alipokanyaga mafuta, na likawa zito kama limebeba mchanga. Ilikuwa hitilafu ndogo tu kwenye sensa ya hewa. Haihusiani na chochote ulichoniambia. Tumeisafisha. Kukohoa kumepungua, lakini bado kupo, na nguvu haijarudi yote. Hapo ndipo nilipokwama. Kompyuta, aliyepewa gari letu la akiba, alifunga karatasi mpya ndani ya sanduku lake la kiwandani na gari lake linakwenda kama kawaida, halina mbwembwe wala matatizo. Fundi Mkuu hajasema nani anaongoza. Akinyamaza ndiyo naogopa zaidi.

Nimekutumia sauti ya injini kwenye simu yako. Isikilize vizuri uniambie inakohoa wapi. Wewe ndiye uliyeweka bomba la mpira sikioni ukamwambia yule mwenye lori kwamba valvu yake ya tatu imechoka, naye alikuwa bado hajashuka.

Nakushukuru kwa ushauri wako, kwa kweli.

Mpwa wako.

*

11 Mei

Kwako Spana Kumi,

Nisamehe kwa kuchelewa. Sote tu salama. Mama yako ana kikohozi kidogo lakini sauti ya kugombeza watu bado ipo. Nimepata mteja mwenye gari jeupe ambaye anataka nifute hata chini ya viti. Nimemwambia mimi ni fundi, si mama mkwe.

Sauti nimeipata. Kikohozi nimekisikia, kinakuja pale mguu unapokanyaga mafuta, kama ulivyosema.

Sasa tuongee. Umenishukuru mara tatu katika barua moja kwa ushauri wangu, halafu ukasema hitilafu haihusiani na nilichokuambia, wakati sikuwa nimekuuliza. Nimekulea mimi. Ulipovunja kioo cha teksi ulinisifia shati langu asubuhi nzima.

Kwa hiyo nilivuka barabara nikaenda kwa yule fundi wa magari mapya, yule mwenye mashine ya kusoma makosa. Kijana ambaye nimekuwa nikimcheka. Nilimwomba anifundishe sensa ya hewa, na alinifundisha bila kiburi, Mungu ambariki. Kumbe ndani yake kuna uzi mwembamba kuliko unywele, unachomwa na umeme uwe moto. Hewa ikipita inaupoza, na kwa kupoa huko kompyuta ya gari inajua hewa imeingia kiasi gani, ndipo inapima petroli. Sasa filta ikishiba mafuta mpaka ikatoa jasho, yale mafuta yananyonywa na injini, yanakwenda kuupaka uzi ule. Uzi ukipakwa unadanganya. Petroli inapimwa vibaya, gari linakohoa. Kabureta haikuwa na uzi wa kudanganywa. Mimi ndiye niliyekupa ugonjwa, mwanangu, na wewe umekaa kimya ukaumeza.

Pamba ipakwe kidogo, iwe na rangi tu, iachwe siku nzima mafuta yasambae, kisha ipanguswe. Uzi usafishwe kwa dawa yake ya kupuliza, usiguswe hata kwa kitambaa.

Na jambo la pili, hili nalijua bila kufundishwa na mtu. Ulipima boneti likiwa juu na feni mbele. Uwanjani boneti hufungwa. Hewa hiyo inatoka wapi? Filta iliyo wazi pembeni ya injini inavuta hewa ya jikoni. Hewa ya moto imetawanyika, nyepesi, injini inajaza kifua lakini haishibi. Pima joto mdomoni mwa filta gari likiwa limetoka kukimbia, ndipo ujue.

Ndani ya bahasha kuna barua ya Fundi Mkuu wako. Nimemwandikia kwamba kosa la mafuta ni langu. Mpe.

Mjombako.

*

3 Juni

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Kikohozi cha Mama kimeisha, ameniambia jana, kisha akanigombeza robo saa nzima kwa sababu sili vizuri, kwa hiyo namwamini.

Nilipima. Hewa ya nje nyuzi ishirini na saba. Mdomoni mwa filta, boneti limefungwa, baada ya mizunguko mitatu: hamsini na nane! Nilikuwa nailisha injini hewa ya jikoni kweli. Nimekunja bati la alumini nikatengeneza sanduku la kuizunguka filta, juu nimeweka ukanda wa mpira ambao boneti likifungwa unabanwa, na bomba pana linaleta hewa kutoka mbele, pembeni ya taa. Kompyuta alinisaidia kushikilia bati, ingawa tunashindana. Ni mtu mwema, inaniudhi.

Matokeo: joto limeshuka mpaka thelathini na moja, uzi ni msafi, na farasi kumi na moja wamerudi zizini. Halafu kwa kutaka kujua tu, ndani ya sanduku lile lile niliweka karatasi mpya ya ukubwa ule ule. Tofauti kati yake na pamba ni farasi watatu. Watatu tu, Mjomba! Miezi yote nimekuwa nikibishana kuhusu kitambaa wakati jambo lenyewe lilikuwa hewa, wewe ukaliona ukiwa umekaa kwenye kiti, mbali huko, kwa kusoma. Sina sifa ya kukutosha.

Barua ya Fundi Mkuu sijampa. Iko kwenye mfuko wa ovaroli yangu. Siku ile gari lilipokohoa, alitoa filta, akaibana kwa vidole, mafuta yakamchuruzika mpaka kwenye kiwiko. Akauliza, "Nani amekufundisha kupaka hivi?" Nikamjibu, "Hakuna. Ni mimi mwenyewe." Sitaki mtu asiyekujua akujue kwa kosa.

Sasa na mimi nina swali, na nimeliandika mara nne nikalichana. Ile sauti niliyokutumia Machi, niliisikiliza tena wiki iliyopita. Nilikosea kuichagua. Haikuwa injini, Mjomba. Ni sisi mezani mchana, na Fundi Mkuu anacheka. Anacheka kama mlango wa bati, lakini bado ni mtu anayecheka.

Na Mama anasema yule jirani mchomeleaji amenunua mashine ya pili, mtaa mzima umemshtaki kwa mwenyekiti.

Simu unaacha iite kwa sababu gani?

Nakupenda. Usinijibu kwa mzaha.

*

20 Juni

Mwanangu,

Leo sikuiti Spana Kumi.

Huku tu wazima. Mlango nimeupaka rangi mara ya pili, sijui kwa nini.

Ni miaka miwili sasa. Sikio la kushoto lilitangulia, nikajitia hamnazo. La kulia lilifuata taratibu, kama mtu anayepunguza redio kidogo kidogo ili usimwone. Nyundo, kompresa, magari yasiyo na bomba la moshi, miaka thelathini na mitano bila kuziba masikio hata siku moja. Tulikuwa tunawacheka waliokuwa wanaziba. Sasa nasikia mlango ukibamizwa, na ngurumo ya mvua. Kiti nilikisogeza ili nione mteja anapoingia. Namwambia asimame kwenye mwanga, nasoma midomo. Wenye ndevu nyingi wananipa taabu.

Sikumwambia mtu kwa sababu unajua mimi naitwa nani mtaani. Fundi Sikio. Watu wanatoka mbali kwa ajili ya sikio hili. Nikisema limekufa, nani ataleta gari? Na wewe ulikuwa unaondoka, una furaha, ningekupa mzigo huo uubebe kwenye begi?

Lakini usinililie. Bado nayajua magari. Natia mpini wa bisibisi katikati ya meno, ncha naigusisha kwenye injini, mbali na feni na mikanda. Mtetemo unapanda kwenye taya mpaka kichwani. Valvu inayogonga inatekenya meno ya mbele. Beringi iliyokufa inakwaruza huku nyuma, kwenye magego. Kitu kilicholegea kinatapatapa, hakifuati mwendo wa wenzake. Nilianza kwa kubahatisha, sasa ni mara chache nakosea. Wateja wanadhani nimeanza kuwa na wazimu wa uzee, na nimewaacha wadhani hivyo, ni afadhali.

Kuhusu sauti ile, nimeona aibu mpaka shingo imepata moto. Nimemsifia mama wa watu kwamba anakohoa akikanyagwa mafuta. Usimwambie.

Mama yako pia usimwambie. Na barua ile mpe. Wewe unalinda jina langu na mkataba wako unaning'inia. Mimi sikukulea hivyo. Ulichofanya na lile sanduku, sikukufundisha mimi. Mimi niliuliza swali tu. Wewe ndiye uliyekunja bati, na nimejivuna nalo kuliko kazi yoyote niliyowahi kufanya kwa mikono yangu.

Mjombako.

*

5 Agosti

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo, shikamoo tena. Barua yako nililia nayo bafuni kwa sababu ndiko kwenye kufuli. Kisha niliosha uso nikachukua bisibisi, nikaenda kwenye gari bovu la mizigo nje ya karakana, nikaanza kujifunza. Mwezi mzima nilifanya hivyo kila mchana. Kompyuta alidhani nina njaa.

Sasa nikupe habari. Mashindano yalikuwa tarehe 27 Julai, siku nne kabla mkataba haujaisha. Fundi Mkuu alichagua sanduku langu. Mizunguko ya majaribio kabla ya mbio ilianza vizuri, halafu kila gari lilivyozidi kupata moto, nguvu ikapungua. Nilihisi kitumbua changu kimeingia mchanga. Kompyuta akachomeka kioo chake: hewa inaingia na joto, lakini kwa nini, hakioni. Tulikuwa na dakika kumi na nane. Magari ishirini yanaunguruma pembeni, sote tumevaa vizibo vikubwa vya masikio, tunaongea kwa mikono. Hapo hakuna aliyesikia kitu, Mjomba. Hakuna hata mmoja.

Nikatia bisibisi menoni.

Nilianzia kwenye kichwa cha injini, kimya, mwendo mzuri. Bomba la mbele, mwendo mzuri. Sanduku, kona ya kwanza, ya pili. Kona ya tatu ikanitapatapia kwenye meno kama ulivyoandika, haikufuata mwendo wa wenzake. Nikapitisha vidole chini: kishikio kimekatika, sanduku limeshuka kwa unene wa kidole, ule mpira wa juu haugusi tena boneti. Hewa ya jikoni ilikuwa inaingia kupitia mwanya ule. Nilifunga waya na bamba dogo la chuma, boneti likafungwa, gari likatoka. Tulimaliza wa pili. Dereva alishuka akibusu boneti, akaunguza mdomo.

Fundi Mkuu alinifuata nikiwa nimekaa chini, bado nina alama ya mpini midomoni. Akavua vizibo. Akauliza lile lile swali lake, "Nani amekufundisha hivyo?"

Nikasema, "Mjomba wangu."

Nikatoa barua mfukoni, imekwishachakaa kwa jasho, nikampa. Aliisoma amesimama. Akasema, "Yaani huyu ndiye aliyezamisha sensa yangu kwa mafuta?"

"Ndiyo."

"Na ndiye aliyetuokolea gari leo?"

"Ndiyo. Na hasikii. Alianza kufanya hivyo baada ya masikio kufa."

Nisamehe, nililisema bila ruhusa yako. Lakini sikulisema kama habari ya msiba. Nililisema kwa majivuno, naye alilipokea hivyo hivyo. Aliikunja barua, akaitia mfukoni mwake, hajanirudishia mpaka leo. Kisha akasema, "Mlete."

Mkataba nimesaini Jumatatu. Injini ni yangu. Kompyuta amepata timu nyingine, tuliagana vizuri, na nitamkumbuka zaidi ya nilivyotarajia. Fundi Mkuu anataka uje wiki mbili mwezi ujao utufundishe sote, na nauli ni ya timu. Anasema uwanjani sisi sote ni viziwi, ila wewe ndiye pekee uliyejifunza kuishi na uziwi huo.

Mama sijamwambia. Hilo ni lako.

Nataka jibu kwa maandishi.

Mpwa wako, fundi wa injini.

*

14 Agosti

Kwako Spana Kumi,

Marahaba, marahaba tena.

Nimemwambia mama yako. Alilia, halafu akanigombeza kutoka saa tatu mpaka chai ya saa nne. Nilimtazama midomo, sikukosa hata neno moja.

Nimeandika kwenye mlango wa gereji, kwa ile rangi iliyobaki: FUNDI HASIKII, SIMAMA KWENYE MWANGA. Asubuhi hiyo hiyo magari matatu yaliingia. Mmoja alikuwa na ndevu, akazishika pembeni kwa mikono miwili ili niuone mdomo.

Begi nimeshafunga. Bisibisi nakuja na yangu, meno yameizoea.

Mjombako.